Pagi wa Bamburi: shajara ya kaskazi hadi kusi

Januari 11. Nyuzi 33 saa nane mchana.

Leo amefika wa kwanza wa mradi wetu wa kuwapokea pagi hapa nyumbani Bamburi, Mombasa, kuwatibu na kuwatafutia nyumba mpya. Jike, miaka mitano kwa mujibu wa kadi yake ya chanjo, kilo 12.4 kwa mizani ya kupimia mchele. Pagi, yule mbwa mdogo wa uso bapa, hutakiwa awe kati ya kilo 6.3 na 8.1, kwa hiyo nimepokea pagi mmoja na nusu. Wenyewe wanahama nchi, na shirika la ndege waliloliuliza limekataa kumpakia pamoja na mizigo kwa sababu ya pua yake fupi. Mengi hukataa siku hizi, na si ukorofi: mbwa wa pua fupi hufa njiani kwa joto na hofu. Jina walilompa lilikuwa la Kifaransa, nami sikuweza kulitamka nikiwa na haraka. Tumemwita Kitumbua. Ameitika mara ya kwanza tu, nadhani kwa sababu amesikia chakula.

Mama alikuwa barazani. Alimtazama mgeni kitambo, kisha akauliza, "Mbona yuwakoroma naye yu mato?"

Nikamwambia pagi ndivyo wanavyopumua, hata wakiwa macho.

"Hiyo si pumzi, mwanangu. Hiyo ni kazi ya hamali."

Masharti ya nyumba yamewekwa kabla ya magharibi. Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na mama husali sebuleni. Basi mbwa ni wa uani, chini ya mwembe, kwenye lile banda lililokuwa la kuku. Nina dera la kuvaa nikiwa nao tu, nalo halipiti mlangoni. Ndoo ya mchanga imewekwa kando ya bomba la nyuma: chombo kikilambwa huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Mama hakuyasema hayo kwa chuki. Ni yeye aliyenisimulia utotoni kisa cha yule mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. "Thawabu hata uani zapatikana," amesema, akaingia ndani.

Januari 14

Kwa daktari wa mifugo. Alimsikiliza Kitumbua koo kwa stethoskopu, akamkimbiza mchakamchaka wa dakika tatu, akamsikiliza tena. Kuna madaraja, 0 hadi 3, ya kupima jinsi mbwa wa pua fupi anavyozibwa pumzi. Kitumbua amepata 2.

Nilidhani nalijua tatizo, kumbe nilikuwa nalijua nusu. Watu walipowazalisha pagi vizazi na vizazi ili uso uwe bapa, mfupa wa fuvu ulifupika lakini nyama ya ndani haikufupika nao. Kaakaa laini linaning'inia mpaka mlango wa koo. Matundu ya pua yamebana kama tundu la kifungo cha kanzu. Mbwa naye hapoi kwa jasho kama sisi; hupoa kwa kutweta, hewa ipite juu ya ulimi na ndani ya pua ikaushe unyevu na kuondoka na joto. Pagi ni gari ambalo rejeta yake imezibwa tangu kiwandani. Halafu umlete Mombasa mwezi wa Januari, hewa yenyewe imelowa hata nguo hazikauki kivulini, na huo unyevu wa ulimi uende wapi?

Mafuta nayo hukaa kooni, si tumboni tu. Kwa hiyo dawa ya kwanza aliyoandikiwa ni mizani. Apungue asilimia moja ya uzito kwa wiki, asizidi mbili. Hakuna chapati. Hakuna mahamri. Chakula kipimwe kwa gramu, si kwa kikombe, maana kikombe cha kila mtu kina huruma yake.

Usiku nimeona jambo. Hawezi kulala kama mbwa wengine. Hutafuta tofali, akaweka kidevu juu yake, shingo imenyooka, ndipo afumbe macho. Nilisema "tazama anavyopendeza," nikampiga picha. Kumbe akishusha kichwa koo linafunga. Nimeifuta ile picha.

Januari 28

Leo ningependa nisiandike.

Jana saa kumi na nusu jioni tuktuk ilisimama mlangoni. Dume, miaka miwili, anaitwa Bosi. Alikuwa ametembezwa pwani saa tisa, mchanga unawaka, kwa sababu watoto walikuwa wameahidiwa. Alipoanguka wakadhani amechoka. Ulimi ulikuwa na rangi ya zambarau, mate mazito kama uji. Kipimajoto cha nyuma: 41.9. Mbwa mzima huwa kati ya 38 na 39 na kidogo.

Nilimmwagia maji ya bomba mwili mzima, feni ikampuliza palepale alipolowa, kaka akampigia daktari. Kuna jirani aliyeleta barafu kwa nia njema na kutaka kumzika ndani yake. Maji yanayotiririka na upepo ndivyo vinavyofanya kazi, na havihitaji kungoja mtu arudi dukani. Alipofika 39.4 tukaacha, maana ukiendelea joto huporomoka likapita pale ulipotaka. Aliinua kichwa. Alikunywa. Sote tukashusha pumzi, hata mama aliyekuwa dirishani.

Daktari alimtundikia dripu, akatuambia tusifurahi mapema. Joto likishapita 41 kwa muda, limeshapika vitu vya ndani: figo, utumbo, uwezo wa damu kuganda. Usiku alianza kutoa damu kwa nyuma. Alikufa kabla ya adhana ya alfajiri.

Nimemzika nyuma ya banda. Sikuwa na maneno makali kwa wenyewe. Yule baba alilia kuliko watoto wake. Lakini kuanzia leo kuna saa za mradi huu, nimeziandika mlangoni kwa chaki: asubuhi kabla ya saa kumi na mbili na nusu, jioni baada ya jua kuzama. Kati ya hapo hakuna pagi anayetoka kivulini, hata akilia, hata mgeni akitaka kumwona anavyokimbia.

Februari 9

Kitumbua kilo 11.9.

Kosa la wiki hii ni langu mwenyewe. Nafanya kazi duka la dawa. Kila siku nawakataza watu kutumia dawa ya jicho ya mwenzao. Jumatatu nilimkuta Kitumbua amefumba jicho la kushoto, linatiririka. Nilikuwa na chupa ya matone kwenye friji, nikaisogeza mpaka kope, mkono ukasita. Nikasoma. Deksamethasoni, yaani steroidi.

Macho ya pagi yametokeza nje na hayana pua ya kuyakinga. Akinusa ua, jicho linafika kabla. Bila shaka alikuwa amejichoma kwenye miiba ya yale maboganivilia ya ukutani. Jicho lenye kidonda ukilitia steroidi unaizima kinga ya mwili na kukipa kidonda nafasi ya kuchimba, na kwa siku chache kioo cha jicho kinaweza kutoboka. Daktari alitia rangi ya fluoresini, akazima taa, akamulika kwa mwanga wa buluu: kidonda kikawaka kijani, ukubwa wa punje ya mtama. Antibayotiki ya matone kila baada ya saa mbili mchana, na ile kola ya plastiki shingoni. Kaka ameichokoza hiyo kola, anasema sasa tumepata dishi la kunasia Saudia.

Akampima na machozi pia, kwa kikaratasi kinachoingizwa ukingoni mwa kope dakika moja. Jicho la kulia milimita 17, zuri. La kushoto tutarudia likipona. Chini ya 15 jicho ni kavu, na pagi wengi hukaa na ukavu huo miaka, jicho likajifunika utando mweusi taratibu, wenyewe wakidhani ni uzee.

Maboganivilia nimeyakata. Mama hakuyapenda kamwe.

Machi 6

Wamekuja wawili kwa pamoja, kutoka nje ya mji, kwa mtu aliyekuwa akizalisha na kuuza. Hakuwa mtu mbaya wa kwenye hadithi. Alikuwa na madeni, na mara mbili mfululizo watoto walikufa tumboni. Pagi huzaa kwa shida: kichwa cha mtoto kikubwa, nyonga za mama nyembamba, mara nyingi ni kisu. Huyu jike ana kovu la kisu mara mbili, na la pili limeshonwa kama gunia.

Tumemwita Bi Mkubwa. Miaka minane, labda tisa. Kilo 5.8, mbavu zahesabika. Kupe wamejipanga ndani ya masikio, wale wa kahawia wanaopenda mbwa na nyufa za ukuta, ndiyo maana ukiwatoa mbwani bila kushughulikia banda umefanya kazi ya kupunga maji baharini kwa kikombe. Ufizi mweupe, damu puani. Jibu la damu: erilikia, vijidudu wanaoletwa na huyohuyo kupe. Doksisaiklini wiki nne, wala si siku saba hata akianza kuchangamka siku ya tatu. Atachangamka. Wengi huacha dawa hapo.

Na kuna la pili, chini ya mkia, uvimbe kama koliflawa unaovuja damu. Hii ni saratani inayoambukizwa mbwa wanapopandana, na ni kitu cha ajabu kwelikweli: seli zenyewe za saratani ndizo zinazohama, si virusi. Zilianzia kwa mbwa mmoja aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita, zikarithishana miili hadi leo. Bi Mkubwa amebeba kipande cha mbwa asiyemjua. Habari njema ni kwamba hutibika vizuri kuliko saratani nyingi: vinkristini mshipani mara moja kwa wiki, kwa kawaida dozi nne hadi sita. Siku za mwanzo baada ya dozi naosha banda kwa glavu, kwa kuwa dawa hutoka na mkojo na kinyesi, na watoto wa jirani hawaruhusiwi uani. Nilidhani mama atalalamika kwa glavu na ndoo na harufu ya jiki. Alisema tu, "Sasa na wewe umeanza kutwahirisha."

Wa pili ni dume lake, Shoti. Mzima kabisa isipokuwa mikunjo ya uso ilikuwa haijasafishwa kamwe. Nilifunua mkunjo wa juu ya pua nikakuta ngozi nyekundu mbichi, inanuka kama jibini. Kila siku pamba, maji ya uvuguvugu, kisha kukausha. Kukausha ndiko watu hukusahau. Wote wawili wamepata chanjo ya kichaa cha mbwa siku ileile. Kwa hili sina mjadala na mtu. Karibu vifo vyote vya kichaa kwa binadamu huanzia kwa mbwa, na Kenya imejiwekea 2030 kuwa mwaka wa kukimaliza. Shoti akishahasiwa tutaanza kumtafutia nyumba.

Machi 19. Ramadhani.

Kitumbua kilo 12.1. Amepanda!

Uchunguzi umefanyika. Magharibi sote tuko ndani tunafuturu, na watoto wa jirani, wakitumwa kuleta sahani, hupitia uani. Kaimati. Sambusa. Mmoja alikiri huku amelamba shira kidoleni. Nimeita kikao, nikawaonyesha video ya Kitumbua akitweta, nikamfanya yule mkubwa wao kuwa mshika mizani. Kila Ijumaa anaandika uzito kwa kalamu nyekundu. Tangu apewe cheo, hakuna kaimati iliyopita. Kitunguu na zabibu nimewaeleza kwa ukali zaidi, maana hivyo si unene tu, ni sumu kwa mbwa, na biriani ya nyumba hii ina vyote viwili.

Aprili 17

Mvua za masika, alhamdulillahi, nyuzi 29. Bi Mkubwa dozi ya tano jana. Uvimbe umebaki kama punje ya choroko. Kilo 6.6. Ameng'olewa meno kumi na moja. Pagi ana meno 42 kama mbwa yeyote, lakini taya la kuyapanga limefupishwa, basi husongamana, yanakaa ubavu na kuoza.

Simu za kutaka kuchukua mbwa ni nyingi kuliko mbwa wenyewe. Nimejifunza kutouliza mshahara wala ukubwa wa nyumba. Nauliza: mchana nani yuko nyumbani? Stima ikipotea, mbwa anakaa wapi? Mbwa wenu wa mwisho alikufaje? Hilo la tatu ndilo linalosema mengi. Mama mmoja wa mtaa wa Tudor, hapa Mombasa, alinieleza kifo cha mbwa wake kwa dakika ishirini, tarehe, dawa, makosa yake yote. Shoti amekwenda kwake.

Mwingine alikuja na mkewe, watu wa heshima, gari lina ubaridi kama kaburi la mfalme. Walimpenda Kitumbua. Kisha mume akauliza kama naweza kuahirisha kumfunga kizazi, "tupate watoto mara moja tu, kisha basi." Nikamjibu hapana, kila anayetoka hapa ametoka amefungwa. Akaniuliza kama nawachukia pagi.

Nimelibeba swali lake siku tatu. Kuna picha aliyochora Mwingereza William Hogarth mwaka 1745, amejichora yeye na pagi wake Trump. Niliitazama kwa simu, nikaikuza. Mbwa yule ana pua! Ana mdomo wa mbwa, na miguu mirefu. Huyo ni pagi, jamii ileile iliyotoka Uchina ikafika Uholanzi, kisha ikavuka Uingereza kwenye kasri la Mfalme William na Malkia Mary baada ya 1689. Kwa hiyo uso huu wa sasa haukuumbwa hivyo. Umechaguliwa, na uliochaguliwa unaweza kuchaguliwa tena vingine. Waholanzi wenyewe tangu 2019 wanamzuia mfugaji kuzalisha mbwa ambaye pua yake haifiki takriban theluthi ya urefu wa fuvu. Na mwaka 2022 watafiti wa Uingereza waliolinganisha maelfu ya pagi na mbwa wengine walikuta uwezekano wa pagi kuugua ule ugonjwa wa kuzibwa pumzi ni takriban mara 54 ya mbwa wengine. Siwachukii pagi. Nisingetaka Kitumbua awe na binti anayelala na tofali.

Sikumpigia yule bwana kumwambia hayo. Labda ningepaswa.

Mei 22

Kitumbua kilo 10.3, na daktari amesema sasa usingizi wa kisu anaweza kuuhimili. Upasuaji wenyewe, wa kumfungulia njia ya pumzi, tumepata nafasi Nairobi. Gharama ni sawa na mbuzi wanne wa Idi. Wafanyakazi wenzangu, jamaa, na yule mshika mizani aliyeleta shilingi hamsini, wamechanga kwa M-Pesa.

Njia ni karibu kilomita 480 na Probox ya kaka haina ubaridi. Kwa hiyo tumesafiri usiku. Tumetoka saa mbili, chupa nne za maji yaliyogandishwa zimefungwa kwa leso, Kitumbua kafungwa mkanda wa kifuani, si kola ya shingoni, maana kwa pagi kuvuta shingo ni kuvuta pumzi. Foleni ya malori Mariakani ilinifanya nisome kila dua niliyofunzwa. Tulisimama Mtito Andei saa saba, baridi kidogo, akatembea akanusa gurudumu la kila lori kama askari wa trafiki. Tulifika Mlolongo, mlangoni mwa Nairobi, kabla ya alfajiri.

Mei 24

Wamempanua matundu ya pua na kupunguza kaakaa. Sehemu ya hatari kuliko zote kwa mbwa hawa si kisu, ni kuamka. Mbwa mwingine huchomolewa mpira wa kupitishia hewa kooni akianza kumeza. Pagi huachwa nao mpaka yeye mwenyewe aukatae. Nilimkuta amekaa, macho wazi, mpira mdomoni, kama mzee na kiko chake, anatazama watu wapitao na hana haraka nao. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kupata hewa ya kutosha, na hakuwa na nia ya kuirudisha.

Wiki mbili chakula laini kilichofinyangwa vidonge, hakuna kubweka, hakuna kukimbia.

Juni 20

Kitumbua yuko Limuru sasa, kwa mwalimu mstaafu, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, kwenye baridi ambayo mimi nisingeiweza siku mbili. Kavalishwa sweta. Kilo 9.8 na kushuka. Hajawa mbwa wa kukimbia na hatakuwa. Upasuaji humtoa daraja moja, haumpi pua. Mwalimu anajua hilo, tumeandikiana.

Jana usiku alinitumia video, Kitumbua amelala. Nikamwekea mama sikioni. Akasikiliza, akaitikisa simu, akasema mtandao mbovu, hakusikia kitu. Nikamwambia si mtandao. Akaomba niirudie.

Anayebaki ni Bi Mkubwa. Damu safi, uvimbe umekwisha, kilo 7.1. Hakuna anayemuulizia: mzee, meno machache, jicho moja lina utando, na dawa ya macho makavu ni mara mbili kwa siku hadi mwisho wa uhai wake. Kusi limeingia, na asubuhi anaweza kukaa nje mpaka saa nne. Mradi una banda tupu moja, na kuna simu kutoka Mtwapa kuhusu dume anayefungiwa kwenye veranda ya bati. Kaka atanipeleka kesho saa kumi na moja alfajiri.

Leo nikitoka kazini nimeikuta ndoo ya mchanga imehamishwa. Haiko tena kando ya bomba la nyuma. Iko kwenye ngazi ya baraza, karibu na kiti cha mama, na Bi Mkubwa amelala chini ya ngazi hiyo, kidevu juu ya kiatu cha zamani. Sijauliza.